Milioni Moja na Moja

Mliosoma enzi zile chati ya ukutani ndiyo ilikuwa kompyuta yetu, njooni mnicheke. Nakumbuka darasa la saba pale Karurumo: harufu ya githeri ikitoka jikoni mwa shule kuanzia saa nne, vumbi jekundu kwenye soksi (kwa wenye soksi), na mwalimu wa hesabu akiandika ubaoni namba moja tu: 1,000,001.

"Je, hii ni namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe? Mniambie Jumatatu. Atakayepata nitaenda naye mashindano Embu mjini."

Embu mjini! Mimi nilikuwa sijavuka Runyenjes. Niliitamani mno safari hiyo.

Wikendi nzima nililisha mbuzi wa cucu, bibi yangu, huku nikigawanya kwa kijiti mchangani. Nikagawanya kwa saba, ikabaki mbili. Kwa kumi na moja, mbili. Kwa kumi na tatu, mbili tena! Nikadhani nimerogwa. Cucu akanikuta midomo ikicheza.

"Wewe! Unahesabu mbuzi wangu?" Kwetu mifugo haihesabiwi, eti utaipunguza, yeye aliwajua wake kwa rangi.

"Si mbuzi, cucu. Ni milioni moja na moja."

"Ya nani?"

"Si ya mtu."

"Basi iache kabla mwenyewe hajaitafuta."

Jumatatu nikasimama kifua mbele. "Ni tasa, mwalimu! Nimejaribu tasa zote za kwenye chati mpaka tisini na saba."

"Na baada ya hapo?"

"Chati imeisha, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Wanja, msichana mkimya aliyekaa karibu na mlango, akainua mkono. "Inagawanyika kwa mia moja na moja, mwalimu. Unapata elfu tisa mia tisa na moja."

Hiyo mia moja na moja ndiyo tasa inayofuata, hatua moja tu nje ya chati! Mapumziko nikamuuliza amewezaje. "Mimi sikujua pa kuachia," akasema. Akaenda Embu, akarudi akitusimulia chipsi wiki mbili.

Mwalimu alinieleza kwamba ningeendelea hadi karibu na elfu moja ndipo niape. Kwa nini elfu? Nilitikisa kichwa kama aliyeelewa. Hadi leo natikisa.

Juzi, hapahapa nyumbani ambako sijawahi kuhama, nilimpa binti yangu namba hiyo nikakaa nimwone akitoka jasho. Akaiuliza simu. Jibu likaja kabla sijavaa miwani.

"Baba, kumbe ni hii tu ilikusumbua?"

Vijana wa siku hizi hata kuchanganyikiwa wameiachia simu. Sisi namba moja ilitukalia siku tatu, tukala nayo, tukagombezwa kwa ajili yake. Yeye ilimpitia, akaendelea kutazama video zake. Nikabaki kwenye kiti nikitaka kumwonea huruma, nisijue kama wa kuhurumiwa ni yeye au ni mimi.