Paka wa Alasiri

Saa kumi kasoro dakika kumi, adhana ya alasiri ilipoanza, nikiwa mtoto, nilijibanza nyuma ya mlango nimfumanie paka wa bibi. Nilikumbuka hayo juzi, nilipomwona paka amelala juu ya mswala katika duka moja la Visiga.

Kule Vihingo, bibi alimsifu paka wake kwa kufika mkekani kila alasiri bila kuitwa, ilhali mimi niliitwa mara tatu. Nilimshuku paka huyo. Chumba kilinuka moshi wa korosho. Bibi alipomaliza kuswali, alifungua pindo la kanga, akampa paka dagaa mmoja.

"Kumbe unamhonga, bibi."

"Na wewe, mke mwenzangu, thumni ninayokupa kila Ijumaa ukitimiza sala zako, tuiiteje?"

Bibi alilikung'uta pindo.

"Haya. Kuanzia kesho pindo ni tupu. Tuone nani atakuja."

Siku tatu nilirudi nyuma ya mlango, nikisubiri paka akate tamaa. Kila siku alilinusa pindo, akakaa karibu na goti la bibi, akasikiliza tasbihi ikigonga mpaka mwisho. Niliamini anaswali kimoyomoyo. Leo najua paka hufuata mazoea na joto la goti. Lakini mazoea yalimfikisha mkekani, nami nilikuwa nimeikosa alasiri mara nne nikimchunguza yeye.

Ijumaa bibi alinipikia uji, akanisuka nywele, wala hakuligusa pindo. Hasara yangu ilikuwa ile thumni, senti hamsini.