Utepe Mwekundu Kwenye Ngitili ya Baba Masanja

Niliondoka Morogoro kwa sababu moja: bila utafiti hakuna shahada, na mama yangu alikuwa ameshanunua kitenge cha mahafali. Mada yangu ilikuwa machipukizi ya miti ya asili kwenye ngitili, yaani eneo ambalo Msukuma hulifunga masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Kwa lugha nyepesi, nilikuwa nakwenda kupima visiki. Nilijivuna utadhani nakwenda mwezini.

Shinyanga tulifika mchana. Jirani yangu kwenye basi, mchimbaji aliyekuwa akielekea Geita, aliniuliza natafuta nini huku. Nikamwambia miti.

"Dada, watu wote wanafuata dhahabu, wewe unafuata miti?"

Akanihurumia, akanipa karanga zake zote.

Runzewe nilipokelewa na mwenyeji wangu, Baba Masanja, mfugaji mwenye ngitili kubwa na pikipiki isiyo na breki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Panda twende."

Kijijini nilianza kazi kwa mbwembwe. Nilipigilia vigingi kwenye ngitili yake na kufunga utepe mwekundu kila pembe ya viwanja vyangu vya kupimia. Watu walisimama njiani kunitazama, nami nikadhani wanapenda sayansi. Mwisho wa wiki nikaenda Nkome, ziwani, kula sato, maana michembe ya Mama Masanja, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ilikuwa imeanza kunijia ndotoni.

Jumatatu niliporudi, ngitili sikuitambua. Machipukizi yote yalikuwa yamefyekwa, na mahali pake palijaa miche ya mipapai, michungwa na mitiki, imebanana kama mchicha.

"Baba Masanja, hii ni nini?"

"Miti. Kwani wewe si mtu wa miti?"

"Na machipukizi yangu?"

"Yale magugu? Tumekusaidia kuyaondoa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Ukanda huu wote, mgeni akipigilia vigingi na kufunga utepe, watu wanajua mgodi unakuja. Basi huwahi kupanda chochote ili wakihamishwa walipwe fidia. Wenyewe wanaita tegesha. Niliketi kwenye kisiki nikalia, kwa uchungu kabisa, nikikifikiria kile kitenge.

Nikaomba niseme kwenye dagashida, mkutano wa kijiji. Nikaapa kwamba hakuna mgodi wala dhahabu, mimi ni mwanafunzi tu. Bibi mmoja akatikisa kichwa.

"Hata wale wa kwanza walisema hivyo hivyo."

Jioni ile wakaongeza miche.

Msimamizi wangu alipokuja kunikagua, nilimweleza yote. Alikuwa akitazama mikokoteni ya ng'ombe ikileta maji kutoka lambo, na Mama Masanja akifukuza mbuzi kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika.

"Iliyokufa ni mingapi?"

"Hakuna hata mmoja, Dakta."

Msimamizi wangu, mzee wa watu, amepanda miti na wageni rasmi maisha yake yote, na mara zote mbuzi wameimaliza kabla magari hayajafika lami.

"Badilisha mada," akasema taratibu. "Pima hii."

Siku ya kurudi niling'oa vigingi vyote, nikakunja utepe, nikarudia kwamba fidia haipo. Baba Masanja akanikonyeza.

Sasa niko nyumbani, kitenge kimevaliwa, na mama amekataa kukivua. Nilichojifunza ni kwamba sisi watu wa misitu tumewahutubia wananchi miaka nenda rudi, kumbe mtu haulei mti kwa sababu ya hotuba. Huulea akiamini una kitu chake ndani. Juzi Baba Masanja alinipigia simu.

"Mwanangu, mipapai imenipita kimo. Fidia lini?"

"Baba, nilishasema. Hakuna fidia."

"Sawa, sawa. Najua hamruhusiwi kusema."

Kisha nikamsikia akimgeukia mkewe:

"Mama Masanja! Bado ni siri. Endelea kumwagilia!"