Kumwita Mama Mkwe Motoni

Mikorosho inapotoa maua, kijiji cha Kiwangwa huamka ndani ya moshi mwembamba. Huwezi kujua kama ni ukungu au kuna mtu anachoma shamba lake. Asubuhi vyote viwili vina rangi moja, na watu hupita humo kama wanatembea usingizini. Mimi mtu wa Kaole, kule pwani, ndoa ndiyo iliyonileta huku. Mpaka leo harufu ile hunilegeza mwili kwanza, kisha hunitia hofu.

Mwaka ule mradi mmoja ulileta fedha za kufundisha kikosi cha kuzima moto wa msituni. Wafadhili walitaka watu mchanganyiko: wanawake kwa wanaume, wa bara na wa pwani, vijana na watu wazima. Atakayefuzu angeajiriwa kiangazi chote. Mimi nilijiandikisha kwa sababu mume wangu hakuwa na kazi. Mama mkwe wangu alijiandikisha kwa sababu moto ulikwisha kula mikorosho yake, naye si mtu wa kusamehe.

"Nyie watu wa pwani mnasalimia hata mbuzi," alinitania tukiwa njiani. "Huo moto utakungoja umalize shikamoo?"

Nilicheka. Nilimpenda, na nilimwogopa vilevile.

Mwalimu wetu alikuwa kijana kutoka Iringa, aliyekulia kwenye misonobari. Alitufundisha kufyeka mkuza, ule ukanda mtupu unaoukatia moto njia, na kuupiga moto kwa matawi mabichi. Mimi alinipa ulinzi: nisimame juu ya kichuguu, nitazame upepo, nimwite yeyote aliye hatarini. Filimbi hatukuwa nazo, fedha za mwanzo ziliishia kwenye viatu.

"Ita kwa jina," alisema. "Ukiita 'mama', nusu ya kikosi itaitika."

Jina la mama mkwe! Mkamwana gani aliyelelewa akaleleka analitamka? Hata hapa siliandiki. Siku ya mazoezi mwalimu aliwasha majani karibu na mama mkwe, akaniamuru niite. Nikaita "mama", taratibu, kama ninayeomba chumvi. Wanawake wengine wakageuka. Yeye akaendelea kufyeka.

Mwalimu alinivuta pembeni. "Dada, ukirudia hivi nitakutoa. Siwezi kuajiri mlinzi atakayemuua mtu kwa heshima."

Nililia njia nzima. Kazi niliihitaji, na kijana yule alisema kweli.

Moto wenyewe ulikuja kabla mafunzo hayajaisha, mchana, kutoka shamba la mtu pembezoni mwa msitu. Kutoka juu ya kichuguu niliona dunia imetulia ajabu. Majivu yalielea polepole, jua limekuwa na rangi ya embe bivu, na wenzangu kule chini walikuwa vivuli vinavyoinama na kuinuka. Nadhani nilisahau kidogo nilikuwa pale kwa kazi gani. Kisha upepo ukageuka shavuni mwangu. Moto ukazunguka nyuma ya mama mkwe, naye ameinama anapiga tawi, haoni.

Nikaita. Jina lake tupu, bila mama, bila bi, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. "Toka hapo! Kimbia!"

Alitupa tawi akakimbia. Pale alipokuwa amesimama pakawaka.

Moto ulipozimika tulikaa chini kwenye mkuza, mimi na mama mkwe, nyusi zake zimejaa majivu. Mwalimu alipita, akanitikisia kichwa cha kukubali, akaenda zake. Mimi nilikuwa nangoja kugombezwa na mkwe wangu. Alivua kiatu, akakung'uta majivu.

"Jina hilo," akasema hatimaye, "hajaniita mtu kwa ukali ule tangu mama yangu afariki. Hebu niite tena."

Nikafungua kinywa. Jina likagoma kutoka.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, akavuta ncha ya kanga aliyojifunga kiunoni, akaanza kunifuta masizi usoni.