Mashine ya Bi Shamsa na Dole la Bundala

Harufu ya kambi ya wavuvi iliwapokea kabla mtumbwi haujagusa mchanga: dagaa walionyeshewa na mvua wakaanza kuoza juu ya mawe, mafuta ya taa, na uchafu wa watu waliolifanya ziwa choo chao na kisima chao. Bi Shamsa aliziba pua kwa ncha ya mtandio. Visiwa vya Muleba alikuwa amevizoea, ila hiki hakuwahi kukikanyaga, na laiti ingekuwa hiari yake, angemwambia nahodha ageuze palepale.

Alishuka akiwa ameukumbatia mkoba kifuani. Ndani yake mlikuwa na mashine aliyotumiwa na kaka yake Hamidi kutoka Maskati, mashine ya kunakili karatasi, ndefu kama tochi kubwa, nzito kama kilo ya sukari. Ukiiburuta polepole juu ya cheti, taa ya kijani ilimulika kwa chini, na kwa juu ikajitokeza nakala kwenye utepe wa karatasi, upana wa kiganja. Kwa hiyo ukurasa mzima uliburutwa mara mbili, kisha vipande vikaungwa kwa gundi. Mkono ukitetemeka, maandishi yalipepesuka kama walevi. Na mashine haikujua rangi. Wino wa bluu, muhuri wa zambarau, damu ya mbu, vyote ilivitoa vyeusi. Picha ya mtu ilitoka kama masizi yaliyomwagika. Tena karatasi yenyewe iliogopa joto. "Msiiweke karibu na jiko," aliwaonya wateja wake wa Kashai na Kitendaguro, na wa vijiji vya kahawa hadi Kaagya, "itakuwa nyeusi kama tako la sufuria."

Babu yake alikuja Bukoba kutoka Bagamoyo akiuza kanga, akaoa Mhaya, akasahau kurudi. Mumewe, Mustapha, aliendesha lori la chakula cha askari wakati wa vita, akafia barabara ya Kyaka. Mji mzima ulimlilia. Vita viliua kwa kelele, na watu wakalia pamoja. Ugonjwa uliofuata uliua taratibu, nao ukawapa walio hai nafasi ya kupekua masanduku mgonjwa akiwa bado anawatazama. Hapo ndipo kazi ya Bi Shamsa ilipopata wateja, na hapo ndipo ilipoanza kumtia kichefuchefu. Aliwahi kuletewa wosia wenye alama mbichi ya dole gumba la mtu ambaye wali wa matanga yake alikuwa ameshaula. Tangu siku hiyo alijiwekea sharti: karatasi yenye dole hatainakili mpaka mwenye dole amwitikie salamu.

"Mwangaluka, mayu! Mama mashine kafika!"

Aliyemwita kwa salamu hiyo ya Kisukuma ni Masalu, mvuvi aliyemtumia nauli. Alikuwa akitafuna sangara wa kukaanga, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Aliingia kibandani akatoka na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, ameubana kwa vijiti viwili kama anayebeba nyoka.

"Shika kwa juu juu. Ya kaka yangu hiyo, na kaka ana Juliana."

Juliana ndilo jina walilouita ugonjwa ule, kama vile wanamtaja mchumba. Karatasi ilisema Bundala anampa mdogo wake Masalu mtumbwi, nyavu na karabai zote. Chini yake palikuwa na dole la zambarau.

"Nitolee nakala tatu. Hiyo yenyewe nitaichoma, ina vijidudu."

"Nataka kumsalimia mwenye dole."

"Ah, mayu! Utasalimia maiti?"

"Maiti hapigi dole," alisema Bi Shamsa. "Au kwenu hupiga?"

Wavuvi waliokuwa wakila walicheka midomo ikiwa imejaa ugali. Bi Shamsa akaingia kibandani.

Bundala alilala juu ya gunia, amebaki macho na mbavu. Kando yake Rozi, mwanamke wa Kaagya aliyeishi naye tangu mtumbwi ule ulipokuwa mbao tu, alikuwa akimfukuzia nzi. Midomo ya mgonjwa ilikuwa ya zambarau kwa ile dawa ya kupaka vidonda vya kinywa. Bi Shamsa aliitazama midomo, kisha akalitazama dole gumba. Zambarau ileile.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka." Sauti ilitoka kama iliyofungiwa mtungini.

"Umempa Masalu mtumbwi?"

Bundala alikunja uso. "Masalu alinipaka dawa kidoleni. Alisema nisipopakwa, vidonda vitahamia kwenye kucha."

"Nilikuwa nimekwenda kuteka maji," Rozi alisema. "Nilikuta chupa imepungua, nikadhani imemwagika."

Kambini hapakuwa na wino wa muhuri, kwa hiyo mtu alikuwa amechovya kidole cha ndugu yake katika dawa ya kinywa chake. Na sasa alihitaji mashine isiyojua rangi, itoe nyeusi tupu, ya zambarau ichomwe, asiwepo wa kuuliza.

Bi Shamsa alitoka nje. "Sinakili."

"Umekuja kula nauli yangu?" Masalu alifoka. "Hilo dude lako nitalitupa ziwani ukalifuate!"

Mutembei, mwenyekiti wa kambi, hakuinua hata kichwa kutoka kwenye sahani. "Bi Shamsa waitu, mambo ya ukoo wa watu tuyaache. Rozi si mke wa ndoa. Kama mgonjwa ana neno, si aje aliseme?"

Alilisema kama watu wanavyosema jambo wanalojua haliwezekani. Bi Shamsa alirudi ndani. Yeye na Rozi walimbeba Bundala pamoja na gunia lake; alikuwa mwepesi kama nguo za kufua. Hakuna mwanamume aliyeinuka. Walichofanya ni kusogeza sahani zao.

"Mtumbwi wa Rozi," Bundala alisema, akapumzika. "Nyavu za Rozi. Karabai za Rozi. Masalu, hata dawa yangu ya mdomo umeiiba?"

Mmoja alicheka, kisha wote.

"Mwizi wa dawa ya mdomo!"

"Kesho ataiba makohozi!"

"Tumesikia," alisema Mutembei, akafuta mikono kwenye suruali. "Mtumbwi ni wa huyu mama."

Bi Shamsa aliitoa karatasi kwenye nailoni akamnyooshea Masalu kwa mkono mtupu. Masalu aliruka nyuma kama aliyeonyeshwa moto, na karatasi ikaangukia kwenye dagaa waliooza. Hakuna aliyeiokota.

Nahodha alikuwa ameshaita. "Na leseni yangu ya uvuvi," Mutembei alimkimbilia, "ninakilie moja tu kabla hujaondoka."

Bi Shamsa alimtazama kama anavyotazamwa samaki aliyevimba. "Mkono wangu unatetemeka," alisema, akapanda, akatema mate majini.

Ufukweni, Shilogile, mkubwa wa wavuvi wa mtumbwi wa Bundala, alimsogelea Rozi akikuna kisogo. "Mama, leo tunatoka?"

"Kwanza arudishwe ndani. Asiyemgusa yeye hapandi mtumbwi wangu."

Wavuvi walitazamana. Kisha wawili wao walizungushia mikono viroba vitupu vya dagaa, wakamwinua Bundala nyuso zikiwa zimegeuzwa pembeni. Mlio wa injini iliyomchukua Bi Shamsa ulipotelea nyuma ya mwamba, na Shilogile akauliza karabai zimewekwa wapi.