Mabati Mapya ya Bibi

Mie kodi nilikuwaga nalipa nimenuna, sadaka natoa naimba. Duka langu la vitenge lipo hapa Kimara, na mteja aliyekosea tu kuitaja serikali alipata mahubiri ya bure: Yesu aliniambia mimi nimlishe mwenye njaa, hakumtuma afisa wa kodi aje anilazimishe! Mume wangu ni mwalimu, mshahara wake unatoka kwenye kodi hizo hizo. Alikuwa ananitazama tu, anaendelea kula.

Basi katika jumuiya yetu, ile ya kusali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi asubuhi, alikuwamo bibi mmoja mjane anayelea mjukuu. Siku ya zamu yake mvua ilinyesha, tukasali rozari katikati ya ndoo na mabeseni ya kukinga matone. Nikasimama hapo hapo. "Jamani, tunamngoja nani? Serikali?" Loo, walivyoitikia! Huyu mbao, yule misumari, na fundi tukampata humo humo jumuiyani. Mie nikatoa mabati, tena ya rangi nyekundu, maana sipendi mambo nusu nusu. Jumamosi mbili tu, nyumba ikang'aa. Tulipika pilau, tukacheza mpaka bibi akavua kandambili. Nilifurahi kweli, na kujisifu nilijisifu.

Wiki iliyofuata wakapita watu wa mtaa kuhakiki kaya maskini zinazopewa ruzuku na serikali. Bibi alikuwa kwenye orodha, na ruzuku hiyo ndiyo iliyomnunulia dawa za presha. Wakatazama juu, wakaandika: nyumba ina mabati mapya, hana sifa. Jina lake likawekwa kando, lingojee mkutano wa mtaa.

Nilipoambiwa, nilimaka. Yaani wema wangu ndio unamnyang'anya bibi wa watu dawa! Nikajitutumua kusema jumuiya itazinunua. Mume wangu akaniuliza taratibu, "Yule mgonjwa wa figo mliyekuwa mkimchangia kila mwezi mwaka jana, mwezi wa nne mlimpelekea nini?" Hatukumpelekea kitu, tulikuwa na harusi ya kuchangia.

Siku ya mkutano tulijaa ofisi ya mtaa, jumuiya nzima. Afisa wa ruzuku alipolisoma jina la bibi, nikaruka. "Mabati ni yetu, tumemwazima tu! Mkitaka tunakwenda kuyang'oa sasa hivi!" Fundi wetu, Mungu ambariki, akainua nyundo, kumbe alikuja nayo. Watu walicheka hadi mwenyekiti wa mtaa akaegemea meza.

Bibi akainuka, akaomba asikilizwe.

"Hawa wananipenda," akasema, akituonyesha sisi, "ila kuna miezi wananisahau." Akamgeukia afisa. "Nyie, baba, hata hamnijui, lakini hamjanisahau hata mara moja. Sasa mbona mnataka nichague?"

Mwenyekiti akakohoa, akauliza nani anataka bibi abaki kwenye orodha. Mikono ikapanda: ya jumuiya, ya majirani zetu Waislamu, ya madereva wa bajaji waliosimama mlangoni. Ya kwangu niliinua yote miwili. Afisa akalirudisha jina huku anacheka. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na machozi yakinitoka, maana bibi alisema kweli: mmoja wa wanaomsahau ni mimi.