Kikombe Kilichombana Dada

Wateja walimwita Fundi Miguu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza miguu ya bandia. Miaka nenda miaka rudi aliifinyanga kwa plasta, mpaka mgongo ukamshinda na karakana ikanunua kompyuta. Mguu wa kwanza aliouchora humo ulikuwa wa dada yake mkubwa.

Dada alikuwa msusi, na msusi hasuki ameketi. Lakini kikombe cha mguu, pale kinapoingia kigutu cha mguu wake uliokatwa, kilimbana. Fundi akatengeneza kingine. Nacho kikabana.

"We mdogo wangu, umepima kigutu changu au cha mtoto?"

"Vipimo ni vilevile, dada. Labda umenenepa."

"Ninenepe kwa kula nini, na wateja wamehamia kwa jirani? Wanasema mfinyanzi hulia gaeni. Mimi gae lenyewe linanikata!"

Fundi akarudi kazini, macho yakimwasha. Kuuliza wenzake aliona haya.

Akaanza upya kama alivyoanza mara zile mbili: umbo la pembepembe, mfano wa sanduku, kila pembe ikiwa penye kipimo chake hasa. Kisha akaiamuru kompyuta ililainishe. Yenyewe hugawa kila ubavu vipande vinne, halafu huvuta kila pembe kidogo kuelekea majirani zake. Hurudia tena na tena, vipande vikizidi kuwa vidogo, mpaka jicho lisione pembe, ila mviringo laini kama yai.

Mara zile mbili, alipomaliza, alilificha lile sanduku lisimchafulie kioo. Siku hiyo mkono ulikuwa mzito, akasahau. Sanduku likabaki wazi kama tundu la kuku, na kikombe laini kimo ndani, hakigusi fito.

Akakitazama kwa muda mrefu. Kumbe kila pembe ikivutwa huvutwa ndani! Vipimo vyake vilikuwa kwenye tundu, na dada alikuwa akivalishwa kuku.

Hata nguvu ya kufurahi hakuwa nayo. Akazisukuma pembe nje, moja moja, mpaka ule ulaini wenyewe ukapita penye vipimo. Mbele, pa kupitisha mfupa wa goti, akaongeza pembe za karibukaribu, maana zikikaribiana huvutana kidogo tu, na mkunjo haufutiki.

Dada akauvaa mguu mpya palepale saluni kwake. Akamwonyesha fundi kiti cha wateja.

"Keti hapo nijaribu kusimama kazini."

"Kwenye upara huu utasuka nini, dada?"

"Nyamaza, tulia."

Akasimama nyuma yake, vidole vikimpitia kichwani kama anagawa mistari. Fundi akakaza masikio kusubiri "aah" ya maumivu. Haikuja. Akaendelea kusubiri, kichwa kikishuka taratibu, mpaka mkoromo ukamtoka.

Mteja akachungulia mlangoni. "Kuna nafasi?"

"Ingia, kaa kwenye stuli," dada akanong'ona, bado amesimama. "Kiti hicho kina mtu."