Tangazo la Wino

Nikiwaambia kwamba mimi, Hamadi fundi mabango, mtu mzima mwenye wajukuu, nilipanda juu ya dawati la shule mbele ya foleni nzima ya wapiga kura, jua la asubuhi, nikaeleza kichekesho changu mwenyewe picha kwa picha na asicheke mtu, mtadhani natia chumvi. Natamani ingekuwa chumvi. Aibu ile ni yangu na siwezi kumgawia mwingine.

Hapa Kibuyuni wananijua kwa mwandiko. Nilimaliza sekondari, kazi ya ofisini sikupata, nikashika brashi, na tangu hapo karibu kila kilichoandikwa kwa herufi kubwa kijijini kimepita mkononi mwangu: saa za zahanati, mikutano ya chifu, michango ya msikiti, marufuku ya kutupa taka ufuoni. Mtu akiiona ile R yangu yenye mguu mrefu haulizi nani kasema, anatii tu. (Mimi mwenyewe sikuwahi kulifikiria hilo, na hapo ndipo kosa lilipokuwa limelala.)

Uchaguzi huu uliopita mpwa wangu Mwanakombo, mwenyekiti wa kina mama wanaolima mwani, aligombea uwakilishi wa wadi. Mpinzani wake, mheshimiwa mmoja, alikuwa na magari, na pamoja na magari alikuwa na kijana mmoja mtangazaji wa redio kutoka Ukunda, mwenye kofia nyekundu, aliyekula pilau ya mheshimiwa mchana na jioni tukamsikia hewani akisema wananchi wamefurika, ilhali sisi tuliofurika tulikuwa tukiingojea pilau hiyo hiyo. Mwanakombo akifanya mkutano, redio ilipiga taarabu mpaka amalize.

Ikanichoma. Nikaanza kuchora hadithi ya picha juu ya nchi fulani ya miaka ijayo, ambako watangazaji ni kasuku wenye sahani shingoni, matokeo hutangazwa kwanza na kampeni hufuata, na raia huamshwa na redio alfajiri ili waambiwe wamemchagua nani. Ukurasa wa mwisho ulikuwa tangazo la serikali ya nchi hiyo. Niliuandika kwenye karatasi kubwa, kwa herufi zangu zile zile za chifu, nikachora na muhuri chini kwa kuzungusha kifuniko cha chupa:

TANGAZO KWA WAPIGA KURA WOTE. KWA SABABU YA UHABA WA WINO, KILA MTU AJIPAKE MWENYEWE NYUMBANI KIDOLE CHA MWISHO CHA MKONO WA KUSHOTO, NDIPO AJE KITUONI. ATAKAYEKUJA NA KIDOLE KITUPU ATATILIWA SHAKA.

Nilicheka peke yangu mpaka nikakohoa.

Nia ilikuwa kubandika kurasa zote kwenye ukuta wa banda la mwani siku moja kabla ya kura, kina mama wazione wakifunga magunia, wacheke, wapate moyo. Siku hiyo alasiri rangi za picha zilikuwa bado mbichi, zinashika vidole. Lile tangazo, kwa kuwa lilikuwa la wino mweusi mtupu, lilikwisha kukauka. Basi nikasema, nibandike hili kwanza, picha zitafuata kesho. Nikalibandika, nikaenda zangu kuswali.

Asubuhi sikuwa na haraka. Nilioga, nikanywa chai, nikavaa kanzu, nikaenda kituoni shuleni nikiwa na furaha ya mtu ambaye mpwa wake yumo kwenye karatasi ya kura. Nikasikia kelele tangu kwenye mwembe wa nje. Kina mama wa mwani walikuwa wamesimamishwa kando ya foleni, na mbele yao Mishi, jirani yangu, ameinua mkono wa kushoto, kidole cha mwisho cheusi tii.

"Mathe, hii wino umetoa wapi? Wewe ushapiga kura!" karani kijana wa kutoka bara alikuwa akimwambia.

"Nimepiga wapi, mwanangu, na mlango ndio kwanza mmeufungua? Hii ni piko!"

"Piko ndio nini?"

"Rangi ya kumchorea bibi harusi! Hukuoa wewe?"

Foleni ikaangua kicheko. Piko, kwa asiyejua, haitoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Inangoja mpaka ngozi yenyewe ichoke nayo. Nikamvuta Mishi pembeni.

"Mishi, nani aliwaambia mpake?"

"Si wewe, baba? Tangazo si la mkono wako?"

"Na hamkushangaa? Serikali ikose wino?"

Akanitazama kana kwamba namwuliza kwa nini maji ni chumvi. "Mzee Hamadi, tumeambiwa twende mkutanoni na viti vyetu, tukavibeba. Tumeambiwa twende zahanati na glavu zetu, tukazinunua. Wino tushangae nini?"

Nilichora nchi ya kutisha ya miaka ijayo, kumbe wenzangu walikuwa wakiishi humo wakaona ni Jumanne kama Jumanne zote.

Yule wa kofia nyekundu akashuka kwenye gari la mheshimiwa, akaviona vidole, na kabla hajauliza mtu akawa hewani kwa simu yake: wafuasi wa mgombea Mwanakombo wamenaswa wakitaka kupiga kura mara ya pili. Sauti yake tukaisikia mara mbili, mdomoni mwake na kwenye redio ya muuza mihogo. Simu za kina mama zikaanza kulia, waume wakiwaita warudi nyumbani kabla hawajafungwa. Mwanakombo mwenyewe alikuwa upande wa kijiji cha Jego, akitembelea vituo.

Nikaenda nyumbani mbio (mbio za umri wangu), nikarudi na picha zangu kuthibitisha kwamba lile tangazo lilikuwa kichekesho changu. Msimamizi wa kituo, mama mmoja mpole mwenye miwani, akasema, "Mzee, panda hapa uwaeleze wote wasikie." Nikapanda.

Nikaeleza. "Hapa, jamaa, ni nchi ya miaka ijayo." Nikafunua ya pili. "Huyu ni raia, anaamshwa na redio." Mtu akakohoa. "Hawa ni kasuku, yaani..."

"Mzee," kijana wa redio akadakia, "huyu kasuku ni mimi?"

"Ni kasuku yeyote."

"Mbona amevaa kofia yangu?"

Hapo ndipo nilipotaraji wacheke. Hawakucheka. Nami nikiwa juu ya dawati nikaona kwamba hadithi nzima haina mahali panapochekesha, na chini yangu kuna wanawake waliopoteza zamu yao kwa sababu yangu.

Msimamizi akatumia akili. Akawaita mmoja mmoja waweke dole gumba kwenye mashine, mashine ikasema hawajapiga, akaagiza wapakwe kidole cha mkono wa pili. Lakini maji ya bahari yalikuwa yamekwisha kupwa, na mwani haumngoji mtu, nusu ya kina mama walikuwa wameshashuka baharini kwenye kamba zao za mwani na wengine wameitwa nyumbani. Niliwafuata mmoja mmoja, kanzu imelowa mpaka magotini, nikiwasihi. Mishi akarudi na wachache. Wengine waliniambia kwa adabu kabisa, "Baba, tushaaibishwa mara moja, inatosha."

Mwanakombo alishindwa. Alishindwa kwa kura chache mno, chache kuliko wanawake niliowaona siku ile wameinama majini wakifunga mwani. Redio ya yule kijana haikusahihisha habari yake, ikapiga taarabu.

Kesho yake mpwa wangu alipita mlangoni kwangu akielekea bandani, akasimama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuponza."

"Hukukusudia," akasema, akainua gunia lake akaenda.

Angenitukana ningepata nafuu. Picha zile nilizichoma jikoni siku hiyo hiyo, nikaapa, na kiapo bado nakishika: nikiwa na neno la kumkejeli mtu nitamwambia kwa mdomo wangu, mimi nikiwa mbele yake, na mkono huu unaoaminiwa utaandika saa za zahanati tu.